Uvimbe wa Shingo na Sindano ya Spiriti



Wapendwa waamini na ndugu wasomaji, mwezi Agosti mwaka jana wengi wenu mliniuliza juu ya plasta ndogo mliyoiona shingoni mwangu. Niliwajibu kwa kifupi kwamba nilichomwa sindano, nikaishia hapo, kwa kuwa nilitaka kwanza kuona kama tiba yenyewe itashika. Sasa miezi sita imetimia, vipimo vimerudiwa, nami naweza kueleza kwa utulivu. Sielezi ili kukidhi udadisi wa watu juu ya shingo ya paroko wao. Tangu siku ile wamefika ofisini watu saba, wanawake sita na mwanamume mmoja, kila mmoja akiwa na uvimbe wake chini ya kitenge, skafu au ukosi wa shati, na wote saba walikuwa wamekwama mahali pamoja. Waliogopa kisu, na hawakujua kwamba kati ya kisu na kukaa kimya kuna njia nyingine.

Mimi si daktari. Ninayoyaandika ni yale niliyoelezwa na madaktari walionihudumia, pamoja na yale niliyoyasoma baadaye, kwani maradhi humfanya mtu awe mwanafunzi upya. Basi asije mtu akaichapisha tafakari hii na kuipeleka hospitalini kana kwamba ni cheti.

Tezi ya thairoidi, ambayo kamusi zetu huiita pia dundumio, imekaa mbele ya bomba la hewa, chini kidogo ya zoloto. Ina mabawa mawili yaliyounganishwa na daraja jembamba, mfano wa kipepeo, na kwa mtu mzima mwenye afya uzito wake ni kama gramu 15 hadi 25 tu. Kutoka katika kiungo hicho kidogo hutoka homoni zinazoamua mwili utumie chakula kwa kasi gani, moyo upige vipi, mtu ahisi joto au baridi, na mtoto akue au adumae. Ndani ya tezi hiyo huweza kuota kinundu kimoja au vingi. Vingine ni nyama ngumu, vingine ni vifuko vya majimaji, na vingi ni mchanganyiko wa vyote viwili.

Jambo la kwanza lililonituliza ni kujua jinsi vinundu hivi vilivyo vya kawaida. Watu wazima wasiolalamika lolote wakipimwa shingo kwa ultrasaundi, wengi hukutwa navyo, na katika baadhi ya uchunguzi idadi yao imefika nusu au kuzidi. Wanawake huwa navyo kuliko wanaume, na wazee kuliko vijana. Vilivyo vingi mno si saratani: yapata 9 katika kila 10. Kwa sehemu kubwa ya watu wenye vinundu hivyo, tiba inayofaa ni kutotibiwa kabisa, bali kuangaliwa kila baada ya muda. Nalisema hili mapema kwa sababu, kama mtakavyoona, sindano ninayoisifu haimfai kila mwenye kinundu, na mtu ambaye uvimbe wake haumsumbui hana haja ya kuitafuta.

Changu kilinisumbua. Kinyozi wangu ndiye aliyekiona kwanza, wakati wa Kwaresima. "Padre," aliniambia huku wembe ukiwa hewani, "hapa kuna kitu kinapanda na kushuka unapomeza mate." Baadaye daktari alinieleza kwamba kinyozi yule alikuwa ametaja dalili yenyewe iliyomo vitabuni: uvimbe wa thairoidi hufuata bomba la hewa mtu anapomeza, ilhali mafuta au tezi nyingine za shingo hazifanyi hivyo. Kola ya kipadre nayo ilikuwa imeanza kunibana upande mmoja, na usiku, nikilala chali, nilihisi kama kuna kidole kimewekwa kooni.

Daktari aliyenipokea alikuwa kijana, aliniamkia "Shikamoo Padre", kisha akanitendea kama mgonjwa mwingine yeyote, jambo nililolifurahia. Alianza na damu, kupima homoni iitwayo TSH inayoonesha kama tezi inafanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi. Yangu ilikuwa sawa. Ikafuata ultrasaundi. Kwenye kioo niliona kinundu changu: shimo jeusi la mviringo, yaani maji, na kipande kidogo cha nyama kimeshikamana na ukuta upande mmoja. Walikipima pande tatu, sentimita 4.2 kwa 3.0 kwa 2.8. Wao huzidisha namba hizo tatu, kisha huzidisha tena kwa 0.52 kwa kuwa umbo ni kama yai, wakapata mililita 18 na ushei. Fikirieni vijiko vitatu vya chai na nusu vya maji vimekaa pembeni mwa bomba la hewa.

Baada ya hapo ikaja sindano ya kwanza, ile ya kuchunguza. Ni nyembamba kuliko ile ya kutolea damu, na huongozwa kwa ultrasaundi ili daktari aone ncha yake ilipo. Hapa kuna jambo ambalo kila mwenye kifuko cha majimaji anapaswa kulielewa. Maji peke yake aghalabu hayana seli za kutosha kusomwa. Mtaalamu wa patholojia akipewa maji matupu atajibu kwamba sampuli haitoshi, na jibu hilo halina maana kwamba mtu ni mzima. Hapana budi sindano iguse ile nyama iliyo ukutani. Majibu hupangwa katika makundi sita, kwa utaratibu uliotokana na mkutano wa wataalamu uliofanyika mwaka 2007 huko Bethesda, Marekani. Kundi la pili ndilo la uvimbe usio wa saratani, nami nilikuwa humo. Hata humo ubaki shaka kidogo ya asilimia chache, ndiyo sababu hatumwachi mtu aende zake bila kumpa tarehe ya kurudi.

Siku hiyohiyo daktari aliyanyonya yale maji. Yalikuwa ya rangi ya kahawia, kama chai iliyolala, dalili kwamba damu ilikuwa imevujia humo zamani. Shingo ilinywea palepale. Nilitoka hospitalini nikijiona mtu mpya, na Pasaka ile niliiimba Mbiu ya Pasaka mwanzo hadi mwisho bila kukohoa. Lakini daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba kwa watu wengi maji hurudi, kwa kuwa ukuta unaoyatoa bado upo. Mwezi Juni yalikuwa yamerudi yote.

Ndipo lilipotokea neno upasuaji. Daktari mwingine, katika hospitali nyingine ambayo sina haja ya kuitaja, alishauri bawa lote la kulia liondolewe. Ushauri huo haukuwa wa kipuuzi. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida, na mikononi mwa mpasuaji mzoefu ni njia salama. Lakini nilimwuliza juu ya sauti, naye kwa uaminifu akanijibu kwamba hatari ipo, ndogo, lakini ipo.

Nieleze hatari hiyo inatoka wapi, kwa maana wengi huidhania kuwa ni uzembe wa mpasuaji. Neva inayoendesha nyuzi za sauti haiendi moja kwa moja kutoka kichwani hadi kwenye zoloto. Inashuka kwanza kifuani. Upande wa kushoto inazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kisha inapanda tena shingoni na kupita nyuma kabisa ya tezi ya thairoidi. Ni uzi mwembamba unaopita mahali pabaya. Galeni, tabibu wa karne ya 2 aliyezaliwa Pergamo, alimkata nguruwe neva hiyo alipokuwa akipiga kelele, na nguruwe akanyamaza ghafla huku bado akihangaika. Kwa padre, kwa mwalimu, kwa mwimbaji wa kwaya, kwa mama anayeuza samaki sokoni kwa kunadi, sauti ndiyo jembe. Zaidi ya hayo, nyuma ya tezi zimejificha tezi nyingine ndogo, kwa kawaida nne, zinazotunza kiasi cha kalsiamu katika damu. Zikijeruhiwa, mgonjwa hupata ganzi na kukakamaa kwa misuli. Na mtu akiondolewa bawa moja, yapata mmoja katika kila watano huja kupungukiwa homoni. Akiondolewa tezi yote, hana njia ila kumeza vidonge vya levothairoksini kila siku ya maisha yake. Vidonge hivyo ni vyema, lakini niwaulize ninyi mnaoishi vigango vya mbali: duka la dawa lililo karibu nanyi lina vidonge hivyo miezi yote 12?

Katika kusoma kwangu nilikutana na mtu ambaye simulizi lake limenikaa moyoni. Theodor Kocher alikuwa mpasuaji wa Bern, Uswisi, nchi ya milima ambako udongo na maji vilikuwa na upungufu wa madini joto, na ambako rovu lilikuwa jambo la kila kijiji kama lilivyokuwa katika nyanda zetu za juu za kusini. Kabla yake upasuaji wa thairoidi uliwaua wengi kwa kutoka damu na kwa vidonda kuoza. Yeye alikuwa mtaratibu, msafi, mwenye mkono usio na haraka, akashusha vifo hivyo mpaka chini ya asilimia moja. Alifanya upasuaji wa aina hiyo zaidi ya mara 5,000 katika maisha yake, na mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel.

Lakini mwaka 1883 aliwaita wagonjwa wake wa zamani ili awaangalie, na aliyoyaona yalimtisha. Wale ambao aliwaondolea tezi yote walikuwa wamevimba uso, wazito wa mwendo, wazito wa fikra, wenye kuhisi baridi daima. Msichana mmoja aliyefanyiwa upasuaji mwaka 1874, akiwa na umri wa miaka 11, alikuwa amedumaa, ilhali mdogo wake aliyefanana naye sana hapo awali alikuwa amekua mwanamwali kamili. Kocher hakuficha. Alitangaza matokeo hayo mbele ya wapasuaji wenzake, akaacha kuondoa tezi yote kwa uvimbe usio wa saratani. Nafuu ya watu wale ilianza kupatikana baadaye, George Murray wa Newcastle, Uingereza, alipomtibu mgonjwa mwaka 1891 kwa maji ya tezi za kondoo.

Mimi namheshimu Kocher kwa ajili ya mwaka 1883 kuliko kwa ajili ya Nobel. Mpasuaji hodari kuliko wote wa wakati wake ndiye aliyetambua kwamba inawezekana kuondoa uvimbe kwa ustadi kamili na bado kumwacha mtu na hasara. Tiba hizi mpya ninazotaka kuwasimulia zinafuata fikra hiyohiyo: shughulika na kinundu, iache tezi iendelee na kazi yake.

Kwa kifuko cha majimaji kinachorudi, tiba yenyewe ni ethanoli, yaani spiriti safi. Madaktari wa Italia, akiwamo Tito Livraghi, walikuwa wametoa taarifa mwaka 1990 juu ya kuidunga katika vinundu vinavyotoa homoni kupita kiasi, na baadaye ikaonekana kwamba mahali pake hasa ni kwenye vifuko vya maji. Ethanoli hukausha seli zinazouzunguka ukuta wa kifuko kwa ndani na kugandisha vijishipa vya damu vinavyozilisha. Ukuta ukishakufa hauna tena wa kutoa maji. Pande zake hugusana, hushikamana, na kovu dogo hubaki. Natahadharisha kwa herufi kubwa ndani ya moyo wangu: SI spiriti ya kusafishia vidonda iliyopo zahanati, wala ya dukani. Ni ethanoli safi ya asilimia 95 au zaidi, iliyoandaliwa kwa kudungwa mwilini, mkononi mwa mtu aliyefunzwa na mwenye ultrasaundi mbele ya macho yake.

Siku yangu ilikuwa Jumanne. Sikulazwa, wala sikupewa dawa ya usingizi. Nililala chali na mto chini ya mabega, kichwa kikiwa kimening'inia nyuma kidogo, mkao ambao mtu wa umri wangu huusikia hata kesho yake. Walinidunga ganzi. Kisha daktari akaniomba nisimeze wala nisiseme sindano ikiwa ndani, bali nikihisi maumivu niinue kidole. Aliingiza sindano kutoka katikati ya shingo, akilipitia lile daraja la tezi, ili kati ya ukuta wa kifuko na ngozi pawe na nyama ya kuishika sindano isitikisike na kuzuia spiriti isivuje. Alinyonya maji mililita 16, pole pole, kwa maana yalikuwa mazito. Akaingiza ethanoli mililita 7, akangoja dakika chache akitazama kioo, kisha akainyonya tena karibu yote.

Je, inauma? Kuna dakika moja hivi niliyohisi moto ukipanda hadi kwenye taya na sikio, nikainua kidole. Akasimama, akaniangalia, ukapoa, tukaendelea. Moto huo hutokea tone likivuja nje ya kifuko, na ndiyo sababu ile ile inayowafanya madaktari wasipende kutumia ethanoli kwa kinundu cha nyama ngumu: humo haina pa kukaa, hutafuta njia, na jirani yake ni ile neva ya sauti. Kichwa kilikuwa chepesi kwa nusu saa. Sista aliyenisindikiza alisema hajapata kumwona padre akilewa kupitia shingoni. Jioni nilikula ugali, na kesho yake niliadhimisha Misa ya saa 12 asubuhi nikiwa na ile plasta mliyoiuliza.

Sasa, kwa vinundu vya nyama ngumu, njia ni joto. Hapa nafikia jambo lililonifurahisha kwa namna ya pekee. Mojawapo ya taarifa za kwanza kabisa za kuchoma kinundu cha thairoidi kwa leza, kupitia sindano nyembamba, ilitolewa mwaka 2000 na Claudio Maurizio Pacella na wenzake kutoka hospitali ya Regina Apostolorum, yaani Malkia wa Mitume, katika mji wa Albano Laziale kusini mwa Roma. Hospitali hiyo ilianzishwa na masista Mabinti wa Mtakatifu Paulo, ambao Waafrika Mashariki tunawafahamu kwa vitabu vyao vinavyotoka Nairobi. Mwanzoni ilikuwa ya kuwauguza masista wenyewe waliougua kifua kikuu. Kutoka hospitali hiyohiyo alitoka pia Enrico Papini, aliyeongoza uandishi wa mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2020 juu ya tiba hizi. Masista walijenga nyumba ya kuuguza mapafu, na humo ikapatikana tiba ya shingo.

Wakorea walifuata njia nyingine, ya mawimbi ya redio. Taarifa zao zilianza kutoka mwaka 2006, na madaktari kama Baek Jung Hwan wa Seoul wakaifanya kuwa kazi yenye utaratibu. Sindano ina ncha inayopashwa moto kwa umeme wa mawimbi hayo. Daktari hakai mahali pamoja. Hukigawa kinundu katika vipande vidogo, huanza na kile cha chini kabisa, akachoma, akairudisha ncha nyuma kidogo, akachoma tena, mpaka akimalize. Kona iliyo karibu na neva ya sauti huiacha, au kwanza hudunga maji baridi ya glukosi kati ya tezi na neva ili kuzitenganisha. Mgonjwa yu macho, na kila baada ya muda huambiwa aseme maneno mawili matatu. Sauti ikikwaruza, kazi husimama palepale. Nimeipenda sana hekima hiyo ya kumfanya mgonjwa mwenyewe awe kengele.

Kinundu kilichochomwa hakitoweki siku hiyo. Mwili hukila pole pole, na baada ya mwaka mmoja kwa kawaida huwa kimepungua kwa nusu hadi robo tatu, au zaidi. Kikubwa sana huweza kuhitaji kurudiwa. Zipo pia njia za mikrowevu na za mawimbi makali ya sauti yanayopita bila sindano, lakini msingi wa yote ni huohuo wa joto.

Nisingependa mtu aone kana kwamba nimeuza dawa sokoni, basi niseme na upande wa pili. Joto nalo huweza kuigusa neva. Kwa takriban mtu mmoja katika 100 sauti hubadilika, mara nyingi kwa muda tu. Kinundu huweza kuota tena pembeni baada ya miaka michache, hasa ikiwa ukingo wake haukuchomwa. Lililo kubwa kuliko yote ni hili: kinachochomwa au kukaushwa hakiendi maabara. Kikitolewa kwa kisu, mtaalamu wa patholojia hukikata na kukisoma chote. Kikichomwa, ushahidi umechomwa pamoja nacho. Kwa hiyo kabla ya kuchoma kinundu cha nyama wataalamu hudai sindano ya uchunguzi ifanyike mara mbili kwa nyakati tofauti, na mara zote mbili jibu liwe kwamba si saratani. Mahali ambapo uchunguzi huo haufanyiki, tiba ya joto haipaswi kufanyika. Vilevile uvimbe ulioshuka nyuma ya mfupa wa kifua, mahali ambapo ultrasaundi haioni, bado ni kazi ya mpasuaji.

Nyumbani kwetu yapo mambo mawili yanayochanganya watu. La kwanza ni madini joto. Wazee wetu wengi walikuwa na rovu kwa kukosa madini hayo, na kuanzia miaka ya 1980 na 1990, vilipogawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto na chumvi ikaanza kutiwa madini hayo, mavimbe makubwa yamepungua sana kwa watoto wetu. Endeleeni kununua chumvi hiyo. Lakini kinundu kilichokwisha kuota kwa mtu mzima hakiondoki kwa chumvi, na anayekunywa dawa za madini joto kwa kujiamulia huweza kuichokoza tezi yake ipige mbio. La pili ni kuchanjwa. Kati ya wale saba waliofika ofisini, wawili walikuwa na makovu ya wembe juu ya uvimbe. Chini ya ngozi ile kuna mishipa mikubwa ya damu. Mwenye wembe hana ultrasaundi.

Mmoja wa wale sita ni mama aliyekuja kubarikiwa koo tarehe 3 Februari mwaka jana, katika kumbukumbu ya Mtakatifu Blasi, akabaki benchini mpaka wengine wote walipotoka. "Baba Paroko," aliniambia akilegeza kitenge, "huu ni mwaka wa tano nabarikiwa." Wifi yake alikatwa shingo zamani, na sauti haikurudi. Nilimpa baraka ya mwaka wa tano, kisha nikamwomba anipe namba ya simu ya mwanawe mkubwa. Mtakatifu Blasi mwenyewe, kwa mapokeo, alikuwa tabibu kabla ya kuwa askofu, kwa hiyo sikuona kwamba ninamkosea heshima.

Mama huyo alipimwa mwezi Mei. Kinundu chake ni nyama ngumu, na sindano mbili zimesema si saratani. Kwa maelezo hayo angefaa kwa tiba ya joto, na binti yake aliye mjini alikwisha kuanza kuulizia. Lakini picha ilionesha kwamba sehemu ya chini imeshuka nyuma ya mfupa wa kifua na imelisukuma bomba la hewa upande wa kushoto. Daktari alimkalisha, akamchorea kwenye karatasi, akamweleza kwa nini kwake yeye sindano haitoshi. Aliikunja ile karatasi akaitia ndani ya kitabu cha sala. Ameniambia hofu yake haijaisha, ila sasa anajua anaogopa nini. Amechagua kuondolewa bawa moja, na mpasuaji atakayemhudumia amemwahidi kwamba ataitafuta neva na kuiona kwa macho kabla ya kukata chochote. Tarehe imewekwa mwezi Julai, kwa sababu mahindi lazima yaingie ghalani kwanza. Jumuiya yake imeanza kuchangia nauli.

Kwangu mimi, vipimo vya juma hili vimeonesha kwamba kifuko kimebaki na mililita 2, yaani kimepungua kwa karibu asilimia 89, na TSH ipo palepale ilipokuwa. Daktari amenipangia kurudi baada ya mwaka mmoja. Wenye uvimbe ambao bado hawajaja, ofisi iko wazi kila Jumatano alasiri. Njooni na majibu ya vipimo mliyo nayo, hata yakiwa ya zamani, tupange nani atamsindikiza nani hospitalini.

Nawatakieni Dominika njema.

Paroko wenu